Taa ya Jaruba la Kichuguu

12 Mei

Daftari hili nimelinunua dukani kwa Bunthan kwa sababu nyumba hii haina mtu wa kumlalamikia. Thonglian ni mke wangu, lakini pia ni binti yao. Nikimlalamikia baba yake ananisikiliza vizuri kabisa, kisha anaondoka kwenda kumpelekea baba yake maji ya kunywa. Kwa hiyo nitalalamika humu.

Huku mwanamume akioa anahamia kwa wazazi wa mke. Analima shamba la baba mkwe, anakula chungu cha mama mkwe, na akikohoa nyumba nzima inajua. Nimeishi hivyo miaka mitatu. Waume wa dada zake Thonglian walivumilia mwaka mmoja mmoja, wakajengewa vibanda vyao, wakahama. Mimi nimeoa kitinda mimba, na kitinda mimba hahami. Anabaki na wazazi mpaka awazike, na mume wake anabaki naye.

Lakini mama yangu yuko peke yake Suphan na macho yake yanaondoka. Ni presha ya macho. Daktari amemwambia ataona mpaka kama mwaka mpya, baada ya hapo hamwahidi kitu. Siku ya harusi yetu alikuwa amelazwa na mguu uliovunjika, kwa hiyo mama anamjua mke wangu kwa picha moja tu, ndogo, na sasa anasema hata picha hiyo haioni tena. Nina mama mmoja na sina ndugu. Nataka amwone mke wangu kwa macho yake.

Thonglian yuko tayari tuhamie huko. Ila hatatoka hapa bila wazazi wake kumfunga uzi mweupe mkononi, kama msafiri anavyofungwa. Anasema aliyeondoka bila uzi roho yake inabaki mlangoni. Basi jana, kwenye sherehe ya fataki za kuomba mvua, wanaume wakiwa wameshakunywa, nilimwomba ruhusa baba mkwe, Baba Khamsing, mbele ya watu. Akafuta mdomo.

"Jaruba la kichuguu ni lako msimu huu," akasema. "Lilime peke yako. Siku mpunga wake utakapoingia ghalani wote, nitawafunga uzi."

"Wote?"

"Wote. Nisikute suke shambani."

Ningenyamaza hapo. Lakini na mimi nilikuwa nimekunywa, nikatangaza kwamba mpunga wangu wote utaingia ghalani kabla ya wa mtu yeyote kijijini. Wanaume wote wakacheka, Bunthan akacheka mpaka akamwaga pombe yake. Sikuona cha kuchekesha.

14 Mei

Nimeloweka mbegu. Kwetu Suphan mpunga ni siku mia na ishirini, maji ya mfereji yapo mwaka mzima, mtu anahesabu kwenye kalenda na kuchukua mundu. Siku mia na ishirini kutoka leo ni tarehe 11 Septemba. Nimeizungushia duara jekundu.

13 Juni

Nimepandikiza jaruba zima kwa siku tatu, peke yangu, mgongo ukiwa umekunjika. Wengine ndio kwanza wanatafuta nyati wao waliowaachia porini. Bunthan alipita kwenye tuta na baiskeli yake akasimama kunitazama. Naye ni mkwe wa kijiji hiki, wa miaka kumi na moja, kwa hiyo anajiona afisa.

"Una haraka, ndugu yangu mkwe."

Nikamwambia nina safari. Akasema safari njema, akaondoka akicheka peke yake.

14 Juni

Mvua. Mgongo.

2 Julai

Barua ya mama, imeandikwa na binti wa jirani. Anasema sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, katikati kunaonekana na pembeni kumefungwa. Ameniuliza mke wangu ana urefu gani, ili ajue atazame wapi tutakapoingia mlangoni. Nilimpima Thonglian kwa kamba, nikaikata kamba, nikaiweka kwenye bahasha.

Mama mkwe, Mama Onsi, aliniona nikiikata. Akaniuliza ni ya nini. Nilipomwambia alirudi jikoni.

24 Julai

Watawa wameingia kwenye miezi yao mitatu ya mvua. Hawaruhusiwi kulala nje ya hekalu mpaka mbalamwezi ya mwezi wa kumi. Nimepeleka chakula asubuhi, nikawatazama wamekaa safu, nikawaonea wivu. Wao wanaijua tarehe ya kutoka.

29 Julai

Wenzangu ndio wanapandikiza leo. Mpunga wangu unanifika mapajani. Nimepita katikati ya majaruba yao polepole ili waone.

6 Agosti

Jana Mama Onsi alinishangaza. Alisema tangu nije hapa hajala wale wadudu wakubwa wa majini wa kuponda na pilipili, wa kununua ni ghali, na mimi ni fundi wa mikono. Ndiyo mara ya kwanza kunisifu. Nikatengeneza mtego siku hiyo hiyo: nguzo ya mwanzi kwenye tuta la jaruba langu, maana ndilo lililo karibu na nyumba na waya unafika, taa ndefu ya mrija yenye mwanga wa kibuluu, bati limesimama nyuma ya taa, na beseni la maji chini. Wadudu wanafuata taa, wanagonga bati, wanaanguka majini. Asubuhi kulikuwa na vikombe viwili.

Mama mkwe aliwapokea kwa mikono miwili. "Mwanangu," akaniita. Miaka mitatu nilikuwa "yule."

7 Agosti

Wadudu kikombe kimoja na nusu.

8 Agosti

Mama Onsi anasema taa isizimwe mapema, wale wakubwa huja kuelekea alfajiri. Sawa.

19 Agosti

Leo nimeaibishwa na nitaandika kila kitu.

Mpunga wangu unanifika kifuani. Ni mzuri, kijani kinachokaribia weusi. Nikamwita Baba Khamsing aje aone, nikamwambia mwezi ujao wakati huu ataazima mundu kwangu. Alisimama juu ya kichuguu kilicho katikati ya jaruba, akazungusha macho, akakaa chini taratibu, akatoa tumbaku.

"Kwenu mpunga unahesabu siku," akasema.

"Ndiyo, baba. Mia na ishirini."

"Wetu hauhesabu. Wetu unaangalia mchana. Mwezi wa sita mchana ni mrefu, mpunga unatoa majani tu, hauna habari ya kuzaa. Mchana unapungua kidogo kidogo. Wewe huoni, mimi sioni, mpunga unaona. Ukipungua kiasi chake, mwisho wa mwezi wa tisa, ndipo unaacha majani na kushika mimba. Upande mwezi wa tano, upande mwezi wa nane, wote utachanua wiki moja."

Nikamuuliza mpunga niliopandikiza Juni utachanua lini. Akasema pamoja na wa Bunthan. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mwezi wa tano.

"Uliniuliza?"

Kwa hiyo wiki saba nilizowatangulia ni za bure. Nimelima majani. Kijiji kizima kilijua kuanzia siku ya fataki na kikanyamaza kwa raha zake. Nimechukia, na nikisema nimechukia sisemi yote. Nilitaka kumsukuma mzee kutoka kwenye kichuguu. Badala yake nikamshika mkono akashuka, kwa sababu kulikuwa na utelezi.

11 Septemba

Siku ya duara jekundu. Majani.

12 Septemba

Mvua toka asubuhi. Tumekaa ndani wanne. Baba mkwe anasuka kikapu, mama mkwe anatazama anavyosuka, Thonglian anashona, mimi natazama mlango. Mama mkwe akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mvua hii ni nzuri, inawakalisha watu nyumbani.

13 Septemba

Mvua.

14 Septemba

Mvua. Wadudu vikombe vitatu. Nimeanza kuona mrija ule ndiyo kazi pekee ninayoiweza hapa.

26 Septemba

Barua ya mama, fupi. Amemwaga maji ya moto mguuni kwa kutoiona birika. Si vibaya sana, anasema. Kamba ya urefu wa Thonglian ameifunga kwenye msumari mlangoni, na kila akipita anaigusa upande wa juu, mahali pa kichwa.

Thonglian alisoma barua mara mbili. Akaenda kwa mama yake jikoni, wakazungumza kwa sauti za chini, akarudi macho mekundu. Nikamuuliza mama kasema nini. Kasema Novemba si mbali.

Na ni kweli, si mbali. Mpunga ukichanua Oktoba, Novemba mwishoni tunavuna. Nimehesabu tena, safari hii kwa hesabu yao. Tutawahi. Desemba yote itakuwa yetu.

9 Oktoba

Leo Thonglian amebeba machungwa machachu, poda, kitana na kioo kidogo kwenda shambani. Mpunga ukishika mimba hupelekewa vitu vichachu na vya kujipamba kama mjamzito yeyote. Nilimfuata nikiwa nimebeba machungwa. Alisema maneno yake, akatundika vitu kwenye kijiti, kisha akaanza kushika mashina kwa vidole viwili. Yamevimba. Nikashika na mimi, nikafurahi sana, kila shina lina tumbo.

Tukatembea kuelekea nyumbani. Karibu na tuta la taa akasimama.

"Sanguan, hebu shika hapa."

Nikashika shina, likawa bapa. Nikashika jingine, bapa. Nikasema labda hapa kuna kivuli, utachelewa siku mbili tatu. Yeye aliendelea kushika shina baada ya shina mpaka giza likaanza kuingia, akaniachia kikapu nibebe.

20 Oktoba

Mpunga umechanua. Asubuhi moja tu, tukaamka bonde lote limebadilika rangi na harufu. Wa kwangu wa Juni, wa Bunthan wa Julai, wa mzee mmoja jirani aliyepandikiza katikati ya Agosti akiwa na homa. Wote wiki moja, kama baba mkwe alivyosema. Watawa wametoka hekaluni siku hizi hizi, wanatembea barabarani na miavuli yao.

Pale karibu na taa hakuna suke hata moja. Ni kipande cha hatua kumi na mbili kwa ishirini, kijani kitupu.

21 Oktoba

Thonglian ndiye aliyeona. Aliniita nije na nisiseme kwanza, nitazame. Tukasimama kwenye tuta. Mbele ya taa, majani matupu. Nyuma ya bati, mpunga umechanua vizuri, masuke yamesimama. Na kati ya pande hizi mbili kuna mstari, umenyooka, unaanzia kwenye ukingo wa bati na kukata jaruba. Shina la upande huu lina suke, jirani yake wa upande ule hana.

"Nyuma ya bati kuna usiku," akasema.

Nikaelewa, nikakaa kwenye tope. Mpunga wa huku unaangalia mchana. Tangu mwezi wa nane nimeuwekea mchana usiokwisha. Wenzake wote waliona siku zinafupika, wa hapa haujui kwamba mwezi wa sita umepita. Nimewasha taa kila jioni kwa mkono wangu mwenyewe, nikafuta vumbi kwenye mrija ili ing'ae.

Nimeizima. Thonglian amekata waya kabisa kwa panga, hakungoja niufungue.

22 Oktoba

Nimemuuliza baba mkwe itakuwaje. Alitembea kwenye kipande kile, akainama, akapima shina kwa kidole. Anasema usiku umeurudia jana, kwa hiyo utashika mimba sasa. Kuchanua, mwisho wa Novemba. Kukomaa, siku za mwisho za Desemba, kama maji yatafika huko. Na mvua imeshaaga.

Nikamwomba nikate kile kipande kiwe majani ya nyati, tuvune kingine, hesabu iishe.

"Mpunga ambao haujazaa haukatwi," akasema. "Hilo hata kwenu mnalijua."

Tunalijua. Mama yangu angekuwa wa kwanza kunikataza.

"Basi baba, tufungie uzi na kipande kibaki."

Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo ilinichoma zaidi. "Nilisema wote. Na wewe ulisema wote, kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nikilirudisha neno hilo, hili la kuwaachia muende nalo nitaweza kulirudisha."

Nimeandika kwa mama kwamba tumechelewa kidogo. Niliandika Desemba, nikafuta, nikaandika "hivi karibuni."

27 Oktoba

Hakuna mvua.

28 Oktoba

Hakuna mvua. Nimejenga tuta dogo kuzunguka kipande ili maji yasitoroke.

3 Novemba

Ardhi ya kipande imeanza kupasuka. Nitabeba maji kutoka bwawa la nyati, hatua mia tatu. Nilishuka chini ya nyumba kutafuta ndoo, nyuma ya rundo la vikapu vya zamani, na huko nikakuta mitungi.

Mitungi kumi na minne. Niliifunua mmoja mmoja. Wadudu wa maji, wametiwa chumvi, wamejaa mpaka shingoni. Vikombe vyangu vyote vya Agosti, Septemba na Oktoba viko mle. Mmoja tu ndio ulioguswa, wa kwanza, na juu juu.

Nilikaa na mitungi ile nikijaribu kufikiria sababu njema. Kisha nikakumbuka kwamba Mama Onsi kila mwaka huenda kwa kaka yake, ambaye jaruba lake limepakana na barabara kuu yenye taa za umeme. Mwaka juzi alirudi akisimulia kwamba kaka yake kandokando ya barabara havuni kitu, mpunga unaota majani tu, na kwamba wanazozana na watu wa taa. Alisimulia hapa hapa, tukila. Mimi sikusikiliza kwa sababu mimi ni mtu wa Suphan na mpunga wa huku haunihusu.

Nikapanda ngazi na mtungi mkononi. Alikuwa anapepeta mchele. Thonglian alikuwapo, na baba mkwe alikuwa mlangoni anachonga mpini. Nikauweka mtungi mbele ya ungo wake.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Aliendelea kupepeta kidogo. Baadaye akaweka ungo chini.

"Nilikuwa najua."

Thonglian akasema, "Mama."

"Nilitaka mwezi mmoja," mama mkwe akasema. Alikuwa ananiambia mimi, si binti yake. "Nikasema nipate mwezi mmoja tu zaidi. Ulipokata ile kamba niliona kichwa cha mwanangu kimekwenda Suphan ndani ya bahasha. Mama yako anapoteza macho, nami namwonea uchungu, usidhani simwonei. Lakini mimi macho ninayo. Mkiondoka nitatazama nini?"

Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga tangu chini. Badala yake nilitoka nikaenda kubeba maji. Bado nina hasira naye ninapoandika, na ninamwelewa, na sijui mtu anaweza vipi kuwa na vyote viwili tumboni akapata usingizi.

4 Novemba

Nilipofika bwawani asubuhi nilimkuta baba mkwe ameshajaza ndoo mbili na kuzitundika kwenye mti wa kubebea mabegani. Akasema, "Wakati wote huo nilidhani anapenda wadudu." Kisha akasema, "Neno langu silirudishi, ila mgongo wangu unaweza kusaidia." Ndoo arobaini.

5 Novemba

Ndoo arobaini na nne.

6 Novemba

Arobaini. Bwawa linashuka.

7 Novemba

Arobaini. Bunthan alikuja kucheka, akakaa, akabeba kumi. Aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza hapa na yeye alipanda mapema. Miaka kumi na moja ameficha hilo.

22 Novemba

Tumevuna sehemu yote iliyobaki. Jaruba limekuwa mabua makavu, na kwenye ukingo kipande changu kimesimama peke yake, kijani, kinaonekana mpaka barabarani. Watu wakipita wanakitazama, kisha wananitazama mimi.

27 Novemba

Kimechanua. Thonglian ameleta chungwa moja. Masuke ni mafupi, lakini ni masuke. Nililia kidogo, na sikujificha.

Barua ya mama imekuja siku hiyo hiyo. Binti wa jirani ameongeza mstari wake mwenyewe chini: Kaka Sanguan, njoo, anasema anaona vizuri lakini ananisalimia mimi akielekea ukutani.

4 Desemba

Ndoo thelathini. Baridi.

5 Desemba

Thonglian aliniambia nitangulie peke yangu, yeye atakuja mpunga ukikomaa. Nikamwambia mama haningojei mimi. Sura yangu anaijua.

11 Desemba

Bwawa limebaki tope. Nyati wanapigania lile tope na sisi tunapigania na nyati.

12 Desemba

Leo hakuna maji ya kubeba. Tukamkuta Mama Onsi amesimama kwenye kipande na ndoo ya maji ya mtungi wa nyumbani, ya kunywa, yale ya mvua yanayotakiwa kutufikisha mwezi wa tano. Anamwaga kwa kata, shina kwa shina. Mimi nikachukua kata ya pili. Tulifanya kazi bega kwa bega mpaka mchana, na aliniambia maneno mawili tu: "Hapa pia." Na mimi nikamwaga hapo pia.

23 Desemba

Tumekata. Ni vikapu vitatu, na nusu yake ni mapepe matupu. Baba mkwe alitia mkono ndani, akayasikiliza yakimwagika, akatikisa kichwa, akasema mpunga ni mpunga. Tukapanda ngazi ya ghala nikavimimina mwenyewe.

Naye akafanya alichosema atafanya. Alitembea kwenye kipande kutoka tuta hadi tuta, mikono nyuma, akikagua mabua. Sisi tulisimama pembeni. Mama Onsi alikuwa anamfuata hatua chache nyuma. Mzee alipomaliza akasema hajakuta kitu, na nikavuta pumzi. Hapo mama mkwe akainama nyuma yake, chini ya nguzo ya taa pale pale, akainuka na suke. Moja, lenye punje labda ishirini.

"Limebaki hili," akasema.

Mzee alilitazama lile suke, akanitazama mimi, na nikaona kwenye uso wake kwamba akilazimika kulishika neno lake, atalishika. Thonglian alikuwa amenishika shati kwa nyuma. Mama mkwe alisimama na suke lake mkononi muda wa kutosha mtu kwenda bwawani na kurudi, au ndivyo nilivyouona mimi. Kisha akatupita, akavuka uwanja, akapanda ngazi ya ghala polepole, maana magoti yake ni mabaya na miaka yote nimemwona akimtuma mtu huko juu. Akalitupa ndani. Akashuka.

"Umeingia wote," akamwambia mumewe. "Lete uzi."

24 Desemba

Naandika ndani ya basi, mwandiko unaruka.

Walitufunga asubuhi. Baba mkwe alifunga fundo moja moja na kusema maneno yake yote bila kukosea. Mama mkwe alianza na mkono wa Thonglian, akafunga, akafunga juu yake, akafunga tena, mpaka mzee akamwambia inatosha. Alipofika kwangu nilidhani atafunga haraka. Alifunga sawasawa na mwanawe, akaukaza.

"Mwambie mama yako," akasema, "ile kamba ilikuwa fupi kidogo. Ulimpima ameinamisha kichwa."

Ameweka mtungi mmoja wa wadudu kwenye mzigo wetu kwa ajili ya mama yangu. Nimeupokea.

Basi huondoka njia panda jua likizama. Lilipozunguka bwawa tuliona nyumba upande wa kulia, na majaruba yote makavu, yaliyovunwa, hayana mpunga tena. Na kwenye tuta la jaruba la kichuguu ile taa ilikuwa inawaka. Sijui waya ule uliunganishwa na nani. Baba mkwe, nadhani. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya bati, na mwanga ukimpiga tuliweza kumwona mpaka basi lilipokata kona ya hekalu.

Thonglian aligeuka kwenye kiti mpaka hapo, halafu akakaa vizuri. Mimi niliujaribu uzi wangu kwa kidole. Haulegei.